Usimwambie ahesabu, mwambie akupe

Binti yangu alipokuwa na miaka mitatu na nusu alinifanya nitembee kifua mbele. Akija mgeni, hata hajakaa vizuri, mimi nishaanza: "Mama, hebu mhesabie mgeni." Anasimama, mikono nyuma, anateremsha moja hadi ishirini kwa pumzi moja. Mgeni anapiga makofi. Mimi nami ni mwalimu wa chekechea, kwa hiyo makofi yale nilikuwa nayapokea kama yangu.

Siku moja tukawa tunaandaa meza, tuko wanne. Nikamwambia, "Mama, niletee vijiko vinne." Akaenda, akarudi kavikumbatia kifuani, vingine vinadondoka njiani.

"Hivyo ni vinne?"

"Ndiyo."

"Hebu tuhesabu."

Akavipanga, akagusa kimoja kimoja bila kuruka, akafika saba.

"Kwa hiyo umeniletea vinne?"

"Ndiyo," akajibu, tena ananishangaa kwa nini narudia kuuliza.

Nilicheka, kisha kicheko kikakata, maana nililikumbuka darasa langu zima linaloimba namba kila asubuhi. Kesho yake nikaleta kikapu cha vizibo, nikawaita watoto mmoja mmoja: "Nipe vitatu." Zaidi ya nusu walichota tu, kiasi cha mkono kujaa. Na wale ndio walikuwa wanahesabu hadi ishirini. Nilichokuwa nimewafundisha ni wimbo.

Baadaye ndipo nikajua kuwa hali hii ilishachunguzwa. Mwaka 1990 mwanasaikolojia Karen Wynn alichapisha utafiti juu ya watoto wadogo waliotakiwa kumpa kikaragosi idadi fulani ya vitu. Wengi walioweza kuhesabu kwa mdomo walikomba tu. Kuelewa kwenyewe huja kwa ngazi. Kwanza mtoto anaijua moja, na chochote kinachozidi hapo kwake ni "vingi". Miezi inapita, anaijua mbili. Inapita mingine, tatu. Halafu, kwa wengi mahali fulani kati ya miaka mitatu na nusu na minne, kunafunguka: kumbe neno la mwisho ninalotamka ninapohesabu ndilo linalosema vyote viko vingapi. Akishafika hapo, tano na sita na saba hazimchukui tena miezi.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachomwambia mzazi ni hiki: tafuta mwanao anakatikia wapi. Weka vitu kumi mbele yake, mwombe kimoja, kisha viwili, kisha vitatu. Pale anapoanza kuchota bila kujali, hapo ndipo pa kuchezea, hapo na ngazi moja chini yake, basi. Kama anakatikia kwenye vitatu, cheza na viwili na vitatu wiki nzima, hata mwezi. Najua inachosha. Jirani mtoto wake anahesabu mpaka mia na wewe uko kwenye tatu. Mwache ahesabu.

Sasa kuna jambo ambalo nilichelewa sana kuliona, na lipo mdomoni mwetu kila siku. Ukihesabu kwa Kiswahili unasema moja, mbili, tatu. Ukitaja vitu, unasema vijiko vitatu, watoto watatu, mawe matatu. "Tatu" ni jina la hatua ya kuhesabu. "Vitatu" ni hali ya vijiko vyote vilivyolala pale mezani. Lugha imeshatutenganishia mambo mawili ambayo mtoto anayachanganya, nasi tunapita juu yake tu.

Anayachanganyaje? Mwambie mtoto aliyetoka kuhesabu vikombe vitatu, "Nionyeshe vitatu." Mara nyingi atagusa kile cha mwisho peke yake. Na ana haki, maana sisi ndio tuliokinyooshea kidole tukasema "tatu". Anadhani ndilo jina lake, kama vile huyu ni dada na yule ni kaka.

Ninavyofanya siku hizi ni hivi. Nagusa kila kikombe: moja, mbili, tatu. Kisha nazungusha kiganja hewani juu ya vyote, taratibu, kama mtu anayefunika chungu, nasema, "Vikombe vitatu." Sauti inabadilika, mkono unabadilika, na jicho la mtoto linatoka kwenye kikombe cha mwisho. Wakati mwingine nageuza, naanza na jumla: "Tazama, vikombe vitatu! Moja, mbili, tatu." Kwa watoto wangu wengi hii ya pili ndiyo iliyofanya kazi haraka zaidi.

Kwa sababu hiyohiyo naanza na vitu vya ki-vi: vizibo, vijiti, vikombe, vibanio vya nguo. Shanga nzuri, lakini shanga tatu ni tatu ileile ya kuhesabia, tofauti haisikiki. Vilevile sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki hata ukizibembeleza, ila mtoto akifika huko huwa ameshashika maana. Na akisema "vijiko mbili", usimkate. Mwitikie, "Ehe, viwili," mchezo uendelee. Idadi kaipata, sarufi itamkuta njiani.

Kipimo kingine: mtoto amemaliza kuhesabu, muulize, "Viko vingapi?" Akianza kuhesabu upya, basi kwake swali la "vingapi" maana yake ni "imba tena". Hapa natumia kitambaa. Anahesabu vizibo vinne, palepale navifunika, nauliza vimejificha vingapi. Hana cha kugusa tena, inabidi alishike lile neno la mwisho. Wa kwanza niliyemfanyia hivi alinikodolea macho muda mrefu, akanong'ona "vinne?" kama anayetoa siri ya mtu, kisha akaning'ang'ania nifunue. Tulirudia mpaka mimi ndiye niliyechoka. Mara moja moja nafunika pasipo na kitu. Wanacheka sana wakikuta patupu, na sifuri inaingia bila somo lolote.

Kugawa ni mchezo ambao hauna haja ya kuuita mchezo. Kila mtu kikombe chake, kila kikombe kijiko chake. Usimsahihishe. Kikipungua, aliyekosa atalalamika mwenyewe, na malalamiko ya ndugu yanafundisha kuliko mimi na wewe.

Mchezo mwingine naupenda mno. Chora vyumba kumi kwenye mstari mmoja ulionyooka, uandike 1 hadi 10. Chukua kizibo, upande mmoja weka nukta moja, upande wa pili nukta mbili. Mnarusha kwa zamu, mnasogea. Siri iko kwenye kutamka. Mtoto akiwa chumba cha 4 na kizibo kimemwangukia nukta mbili, asiseme "moja, mbili", aseme "tano, sita", yaani majina ya vyumba anavyovikanyaga. Watafiti Geetha Ramani na Robert Siegler walichapisha mwaka 2008 majaribio ya mchezo wa namna hii kwa watoto wa shule za awali kutoka familia za kipato cha chini Marekani. Vipindi vinne vya dakika 15 vilitosha kuwasogeza mbele katika kutambua tarakimu na kujua namba ipi ni kubwa, ilhali wenzao waliocheza mchezo uleule wenye rangi badala ya namba hawakusogea hivyo. Saa moja tu kwa jumla! Nilipoisoma hiyo nilizitazama karatasi zangu za "paka rangi maputo matano" nikaona aibu.

Karatasi hizo sizichukii, ila zije baadaye. Mtoto anayepaka rangi puto anafikiria rangi. Tarakimu nazo nazileta zikiwa na mwenzake: kadi ina 3 kubwa upande mmoja na nukta tatu upande wa pili. Anaweka vizibo juu ya tarakimu, kisha anageuza na kujihakiki mwenyewe, kila nukta kizibo chake. Mimi wakati huo naangalia pembeni makusudi, kwa sababu akiniona nakodoa ataanza kunisoma uso badala ya kuiangalia kadi.

Mitego miwili ya haraka. Vikiwa vitano vimesogezwa mbalimbali, mtoto wa miaka minne anaweza kukuambia vimeongezeka. Mwanasaikolojia Jean Piaget alilieleza hili zamani. Usibishane naye, visogeze, virudishe, mpe muda. Na ukubwa wa kitu unamdanganya: vikombe viwili vikubwa vinashinda vizibo vitatu. Akishazoea, changanya makusudi vikubwa na vidogo.

La usalama silitanii. Aliye chini ya miaka mitatu kila kitu ni cha mdomoni. Chukua lile bomba la karatasi linalobaki tishu ya chooni ikiisha, na chochote kinachopenya humo kitoe kabisa mchezoni. Vizibo vya soda vinapenya, kwa hiyo kwa wadogo tumia vikombe na vijiko.

Muda? Dakika tano, kumi zikizidi sana. Akianza kuvirusha, mchezo umeisha.

Mwishoni tunakusanya, na hapa nina trei ya mayai niliyoikata ikabaki na mashimo kumi, matano juu, matano chini. Kila kizibo na shimo lake. Trei hii ndiyo iliyonisaidia pia kuifikisha kumi na moja: trei imejaa, kimebaki kimoja nje, kumi na kimoja, jina linasema lenyewe. Juzi nilikuwa nimeshakunja mkeka, naona mtoto mmoja bado kachuchumaa mbele ya trei. Hakuwa anahesabu, midomo ilikuwa imetulia. Aliangalia shimo la kona ya chini lililo wazi, akanyanyua kichwa akaniambia, "Mwalimu, viko tisa," kisha akaingia chini ya benchi kutafuta.