Maswali yenu: Wazir Khanum na Delhi ya Kampuni

Tangu niisifu hapa Kai Chand The Sar-e-Aasman, riwaya ya Kiurdu ya Shamsur Rahman Faruqi iliyotoka 2006, inayosimulia maisha ya Wazir Khanum katika Delhi iliyokuwa chini ya Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, maswali yanaendelea kuingia. Leo nachukua haya.

*Kiurdu si ndiyo Kiarabu cha Wahindi?*

Hapana. Hati na maneno mengi yametoka Uajemi na Uarabuni, lakini sarufi na vitenzi ni vya India. Nimelijibu swali hili mara kadhaa. Sisi ambao kila siku tunaambiwa Kiswahili ni Kiarabu kilichoharibika, tuwe wa mwisho kuliuliza.

*Wazir Khanum aliishi na Mwingereza, Marston Blake, wakazaa. Huoni kuwa ukoloni nao uliunganisha watu?*

Tazama watoto wao wawili. Wa kiume ni Amir Mirza, na papo hapo ni Martin Blake. Wa kike ni Badshah Begum, na papo hapo ni Sophia. Blake akiwa hai, majina yote mawili yanakaa nyumba moja huko Jaipur. Anapouawa katika ghasia, ndugu zake wanabaki na watoto, na Wazir anarudi Delhi bila wao. Hakuwa na ndoa ya kumlinda. Waingereza waliwaita wanawake wa aina yake bibi, neno hilihili letu, ambalo India nako lilikuwa la heshima hadi walipolishusha. Kwamba walipendana sibishi. Nauliza nani alikuwa na uwezo wa kuuvunja muungano huo na kuondoka na watoto.

*Kabla ya Waingereza utamaduni wa Delhi ulikuwa safi?*

Neno hilo "safi" liwekeni kando, limeshaumiza watu wengi. Faruqi anaanza mbali kabisa, kwa mchoraji wa kijiji karibu na Kishangarh, Rajasthan, anayekimbilia Kashmir na kujifunza talim, alama za siri ambazo wafumaji wa mazulia huzisoma fundo kwa fundo. Neno ni la Kiarabu, ndugu wa taaluma yetu. Mkono ni wa Rajasthan, sufu ni ya Kashmir. Hakuna aliyelazimishwa kwa bunduki kuvichanganya. Huo nao ni mchanganyiko, na ndio uliozaa ukoo wa Wazir.

*Dagh anayetajwa ni nani?*

Mshairi Dagh Dehlvi, aliyezaliwa 1831, mwana wa Wazir na Nawab (yaani mtawala wa jimbo dogo) Shamsuddin Ahmad Khan. Baba yake alinyongwa 1835 kwa kosa la kupanga mauaji ya William Fraser, mwakilishi wa Kampuni mjini Delhi. Mfalme wa Kimughal, wa ukoo uliotawala kabla ya Waingereza, alikuwa hai, kasri lake mji huohuo, na hakuulizwa.

*Naweza kuitumia riwaya hii kama chanzo cha historia katika tasnifu?*

Wazir aliishi kweli. Mazungumzo yake ni ya Faruqi. Ukiyanukuu kama ushahidi, msimamizi wako akurudishie kazi.

*Sijui Kiurdu. Nianzie wapi?*

Kwenye tafsiri ya Kiingereza ya 2013, aliyoifanya Faruqi mwenyewe. Ni ndefu, na wengi huruka sura za mchoraji ili wamfikie Wazir upesi. Usiziruke.