Mwalimu wa Michezo Anajibu: Kocha Aliyeamsha Wachezaji kwa Kengele

SWALI: Mwalimu, hujambo? Nafunza soka katika chuo kimoja hapa Nairobi, kwa mkataba unaotiwa sahihi upya kila mwaka. Juzi mhadhiri mmoja aliyesomea Marekani aliniambia kuna kocha wa chuo huko, Eddie Robinson, aliyeshika kazi moja tangu ujana hadi uzee na kushinda mechi zaidi ya 400. Ni kweli? Alidumu vipi? Mimi nikipoteza mechi tatu tu, naitwa ofisini. – Kocha, South B.

JIBU: Sijambo, kocha. Ni kweli tupu, mhadhiri wako hakutia chumvi.

Kwanza ujue kwamba mpira wenyewe si soka. Ni ule wa Kimarekani, mpira wa umbo la yai unaobebwa na kurushwa kwa mikono, wachezaji 11 kila upande wakiwa na kofia ngumu. Ukishatazama raga pale Ngong Road, umeona binamu yake.

Robinson alizaliwa mwaka 1919 huko Jackson, jimbo la Louisiana. Babake alilima pamba kwenye shamba la mtu mwingine na kugawana naye mavuno. Mamake alifanya kazi za nyumbani kwa watu. Alipomaliza chuo hakupata kazi ya ukocha, akawa kibarua katika kinu cha chakula cha mifugo mjini Baton Rouge kwa senti 25 kwa saa. Mwaka 1941, akiwa na miaka 22, chuo kidogo cha Weusi kijijini Grambling kikamchukua. Ndicho leo Grambling State. Mshahara ulikuwa dola 63.75 kwa mwezi.

Kwa pesa hizo alifanya kila kitu. Alikata nyasi za uwanja, akachora mistari, akawafunga wachezaji bendeji vifundoni, na mechi ikiisha akaketi kuiandikia magazeti ripoti. Safarini timu ilibeba sandwichi alizotayarisha mwenyewe, kwa sababu mikahawa ya Wazungu njiani haikuwahudumia Weusi. Wazee wetu waliokatazwa kuingia hoteli za Nairobi enzi za mkoloni hawahitaji kuelezwa hilo. Msimu wa kwanza alishinda mechi 3 akapoteza 5. Msimu wa 1942 alishinda zote 9, na hakuna timu iliyomfunga hata pointi moja.

Lakini kinachonigusa zaidi ni kengele. Asubuhi na mapema Robinson alipita mabwenini akiigonga kengele ya ng'ombe, mlango kwa mlango, ili vijana waamke waende darasani. Darasani, kocha, si mazoezini. Wachezaji wake wengi waliondoka na shahada, na kwangu hilo linapita vikombe vyote. Nimewahi kumwona kipa hodari wa chuo fulani hapa mjini akirudishwa kwenye mlango wa chumba cha mtihani, kitambulisho mkononi, kwa sababu alikosa majaribio mawili akiwa safarini na timu. Kocha wake hakujua hata kijana anasomea nini. Hilo lilinichoma na bado linanichoma.

Matunda yake? Zaidi ya wachezaji 200 waliingia ligi za kulipwa. Tank Younger alisajiliwa na Los Angeles Rams mwaka 1949, wa kwanza kutoka chuo cha Weusi kuingia NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo. Halafu kuna Doug Williams. Yeye alikuwa kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, nafasi ambayo wengi walidai Mweusi hana akili ya kuicheza. Januari 1988 aliiongoza Washington kuichapa Denver 42-10 katika fainali ya Super Bowl, akateuliwa mchezaji bora wa mechi. Miaka kumi baadaye ndiye aliyerithi kiti cha mwalimu wake pale Grambling.

Robinson alistaafu mwaka 1997 akiwa na ushindi 408, na wakati huo hakuna kocha wa chuo aliyekuwa amemfikia. Alifariki mwaka 2007.

Sasa hilo la kuitwa ofisini. Misimu mitatu ya mwisho ya Robinson yote alipoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda, na shinikizo la kumtaka aondoke lilikuwepo hata kwake, mtu wa mechi 400. Kwa hiyo usitegemee matokeo ya Jumamosi yakutetee. Nenda kwa msajili muhula huu huu, uombe ratiba ya majaribio na mitihani ya kila mchezaji wako. Jua nani ana deni la karo, na nani hajasajili masomo yake. Anayedaiwa mpeleke mwenyewe ofisi ya wanafunzi mapema, kabla orodha ya wasioruhusiwa kufanya mtihani haijabandikwa. Ratiba ya mechi za ugenini ikitoka, iweke kando ya ile ya mitihani, na panapogongana andika barua ya kuomba mechi isogezwe, nakala umpe mkuu wa idara. Wakikuita tena, ingia na faili hiyo mkononi, na uombe mkataba wa miaka miwili.