Uliza Mjomba: Ramani ya Inchi 28 na Dhoruba ya Wiki Ijayo

*Mjomba ni mtu wa Tanga aliyehamia Buffalo, jimbo la New York. Usiku wa baridi huendesha gari la kusukuma theluji kwenye maegesho ya maduka. Safari hii barua karibu zote zinauliza jambo moja: dhoruba inayosemwa kuwa inakuja.*

Shikamoo Mjomba. Kwenye kundi letu la WhatsApp mtu katuma ramani ya zambarau inayosema Buffalo itapata inchi 28 Jumamosi ya wiki ijayo. Siku hiyo tuna harusi huko na tumeshakodi basi la watu 50. Mwingine kajibu kwa ramani yake yenye inchi 3. Sasa kamati imegawanyika. Tuahirishe?
*Katibu wa kamati ya harusi, Columbus, Ohio*

Marahaba, katibu. Basi mlilokodi msilifute, ila hiyo ramani msiisambaze tena.

Ukiniambia imetoka kwenye modeli ya serikali ya Marekani iitwayo GFS, yaani programu ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa, sitashangaa. Hiyo huendeshwa mara 4 kwa siku, na kila mara huchora siku 16 mbele, iwe ina la kusema au haina. Sisi wapenzi wa hali ya hewa tunaikesha. Saa nne na nusu usiku wa huku inaanza kutoa picha, saa saba inafuata ile ya Ulaya, na hapo katikati utakuta watu wazima wenye kazi asubuhi wanabishania mstari wa theluji uliosogea kutoka Pittsburgh hadi Harrisburg. Nami nimo. Lakini ujue tabia yetu: shabiki wa theluji akiona picha nne za mvua na moja ya inchi 28, atakutumia ile moja. Mimi nalipwa kwa theluji, zikipita inchi 2 simu inalia, kwa hiyo nikikuambia tulia, jua nasema kinyume na mfuko wangu.

Dhoruba yenyewe bado haijazaliwa. Kwa sasa ni wimbi la hewa huko Pasifiki, ambako vituo vya kupima ni vichache, na kosa dogo la leo likisafiri siku 9 linageuka tofauti ya mamia ya kilomita. Ndiyo maana kituo cha Ulaya, ECMWF, chenye makao Reading, Uingereza, hakitegemei picha moja. Kinaiendesha modeli yake mara 51: moja ya msingi na 50 ambazo kila moja imeanzishwa kwa hali iliyobadilishwa kidogo. Zikitoka 40 zenye dhoruba mahali pamoja, hapo kuna mazungumzo. Zikitoka 6, endeleeni kuchangisha.

Halafu hiyo namba 28. Modeli inatabiri kiasi cha maji, si kina cha theluji. Tovuti nyingi za bure huchukua hayo maji na kuyazidisha mara 10, basi. Theluji inayoanguka joto likiwa karibu na sifuri ni nzito, na inchi moja ya maji inaweza kukupa inchi 5 au 6 tu. Ile kavu ya baridi kali hufika hata 20. Kwa hiyo ramani mbili zenye maji yaleyale zaweza kupishana sana, na kamati ikagawanyika bure.

Hata ikibaki siku moja mambo hugeuka. Januari 2015 jiji la New York liliambiwa lijiandae kwa futi 2 hadi 3. Treni za chini ya ardhi zilifungwa kwa ajili ya theluji, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu zianze mwaka 1904. Kulipokucha, Central Park ilipimwa inchi 9.8. Dhoruba ilikuwa imepita mashariki kidogo tu ya njia iliyotarajiwa, na Boston ikazikwa kwa futi 2. Gary Szatkowski, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya hali ya hewa ya Mount Holly, New Jersey, aliomba radhi hadharani kwenye Twitter. Watu wakacheka, wakarudi kazini. Mimi nasema utabiri uliokosea upande huo ni nafuu kuliko wanavyoulalamikia.

Fanyeni hivi. Mpaka Jumatano msiangalie kitu. Jumatano jioni fungueni ukurasa wa idara ya taifa, National Weather Service, tawi la Buffalo, mtafute ramani tatu za theluji: kiwango cha chini, kinachotarajiwa, na cha juu ambacho kina nafasi 1 kati ya 10 ya kupitwa. Ile ya chini ikiwa tayari inatisha, pigeni simu ukumbini. Ya juu pekee ikitisha, endeleeni na pilau. Uamuzi wa mwisho ni Alhamisi usiku.

Na jambo ambalo hamkuuliza: harusi iko Buffalo, lakini taabu yenu iko kwenye barabara ya I-90 kati ya Cleveland na Erie, ufukweni mwa ziwa kote. Tena mkiingia New York, dhoruba ikiwa kali huwa wanayazuia malori na mabasi kwenye barabara kuu huku magari madogo yakiruhusiwa kupita. Mwulizeni mwenye basi kama anarudisha pesa.

Mjomba, mimi ni mtu wa Uvira, nakaa Lackawanna na kazi yangu iko Amherst, mwendo wa nusu saa. Mwaka jana nilimpigia bosi nikamwambia theluji imefika dirishani siwezi kutoka. Akatazama nje kwake, akaona jua. Mpaka leo ananiona mwongo. Inawezekanaje?

Inawezekana sana, na bosi wako kama ni mzaliwa wa hapa anajua, anakusumbua tu.

Hii si dhoruba ya kawaida inayofunika majimbo matatu. Hii inapikwa na Ziwa Erie lenyewe. Hewa ya baridi kutoka Kanada inapita juu ya maji ambayo bado yana joto la vuli. Tofauti kati ya maji na hewa ya juu, kama mita 1,500 hivi, ikifika digrii 13 za sentigredi, mvuke unapanda, unakuwa wingu, na wingu linamwaga theluji likigusa nchi kavu. Ziwa limelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, urefu wake karibu kilomita 390, na Buffalo imekaa mwisho kabisa wa urefu huo. Upepo ukifuata urefu wa ziwa, mawingu yanajipanga mkanda mmoja mwembamba, pengine kilomita 15 au 20 kwa upana, na ndani ya mkanda huo hushuka inchi 3 au 4 kwa saa. Nje yake, jua.

Upepo ukigeuka kidogo tu, mkanda unahama kutoka katikati ya mji kwenda Lackawanna kwako. Novemba 2014 vitongoji vya kusini vilipata futi 5, vingine karibu 7, na kaskazini mwa mji inchi chache tu. Mtu alikuwa akisimama Amherst anaona ukuta mweupe upande wa kusini, naye kavaa koti jepesi.

Kwa mkanda wa namna hiyo, modeli kubwa za dunia hazifai sana. Tazama ile iitwayo HRRR, inayoendeshwa kila saa na kuigawa nchi kwa miraba ya kilomita 3, tena saa chache tu kabla. Na wewe uliyekulia kando ya Tanganyika jua hili jambo la ajabu: Erie ni bwawa tu, kina chake kwa wastani ni mita 19. Kwa ufupi huo huwahi kuganda, na likishaganda lote kiwanda kinasimama. Miezi yako ya kumpigia bosi ni Novemba, Desemba na mwanzo wa Januari. Mpelekee picha ya rada, si ya dirisha.

Jambo Mjomba. Hapa Lexington, Kentucky, walitangaza theluji, ikanyesha mvua. Asubuhi kila kitu kilikuwa kioo, miti imevunjika, umeme hakuna siku mbili. Mama alitaka kuwasha mbabula, jiko la makaa, ndani ya nyumba kama tulivyofanya Lubumbashi. Safari hii wanatangaza tena. Tujitayarishe vipi?

Nianze na mbabula: hapana. Hata dirisha likiwa wazi, hata kidogo, hapana. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke, na moshi wa makaa una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasinzia, basi. Jenereta nalo likae nje, mbali na madirisha. Januari 2009 Kentucky ilipata dhoruba ya barafu iliyokata umeme kwa wateja zaidi ya 700,000, na miongoni mwa waliokufa wapo walioponzwa na hewa hiyo, si na baridi. Nunueni kile king'ora kidogo cha kugundua hewa hiyo, cha betri. Mama mwambie Mjomba ndiye aliyekataza, lawama nibebe mimi.

Kuhusu utabiri: huko juu kunakuwa na tabaka la hewa ya joto, theluji inapita humo inayeyuka, halafu chini kabisa kuna baridi nyembamba iliyong'ang'ania ardhi. Tone linafika likiwa maji, linagusa tawi au waya, linaganda papo hapo. Baridi ya chini ikiwa nene zaidi, tone linaganda likiwa bado hewani, mnapata punje za barafu zinazorukaruka kwenye kioo cha gari. Hizo nafuu. Digrii moja au mbili huko juu zinaamua mtapata kipi, na ndiyo maana Kentucky mnadanganywa mara nyingi kuliko sisi wa Buffalo. Mkisikia robo inchi ya barafu, chajini simu na tafuteni mablanketi. Mkisikia nusu inchi, hesabuni umeme umekwenda.

Msomaji wa Minneapolis anauliza kwa nini televisheni inaita dhoruba kwa jina na serikali haiiti. Kituo cha The Weather Channel kilianza kujitungia majina hayo mwaka 2012. Idara ya serikali haiyatumii. Uingereza na Ireland zina majina rasmi tangu 2015. Mimi naona hayana ubaya, ila hayakuambii kitu.

Mwanangu, mimi ni mama yake kijana anayeishi hapo Buffalo. Krismasi ya 2022 tulisikia watu wamekufa ndani ya magari, wengine majumbani mwao, mjini, Marekani! Hawakuambiwa? Sasa nasikia inakuja nyingine, na mtoto ananiambia "Mama usijali". Nimwambie nini?
*Mama wa Ngamiani, Tanga*

Shikamoo Mama. Nimefurahi kupata barua ya nyumbani.

Waliambiwa. Ile ilitabiriwa vizuri kuliko karibu zote nilizoziona. Siku kadhaa kabla, ofisi ya Buffalo ilikuwa imeshaandika kwamba dhoruba ya namna ile huonekana mara moja katika kizazi. Na zaidi ya watu 40 wakafa katika wilaya hii.

Alfajiri ya Ijumaa tarehe 23 kulikuwa na mvua na joto juu ya sifuri. Mtu anaangalia nje anaona barabara nyeusi, na siku mbili baadaye ni Krismasi. Kuna zawadi, kuna zamu ya kazi ambayo usipofika hulipwi. Amri ya kukataza magari barabarani ilitoka asubuhi hiyo hiyo, watu wengi wameshaondoka majumbani. Mama unakumbuka Mei 2024, Kimbunga Hidaya: TMA, mamlaka ya hali ya hewa ya Tanzania, walitangaza mapema na boti za Unguja zikasimamishwa. Huku neno lilikuja mapema, kusimamisha kukachelewa. Wengi wa waliofariki ndani ya jiji walikuwa Weusi, na hilo tulilizungumza sana misikitini na makanisani, maana si bahati tu. Ni nani ana gari, nani ana akiba ya chakula, nani anaweza kukosa kazi.

Jingine ni kwamba mji huu hauogopi inchi. Uwanja wa ndege ulipima inchi 51.9, lakini si hizo zilizoua peke yake. Ili waite *blizzard*, upepo uwe kilomita 56 kwa saa au zaidi, na macho yasifike mita 400, kwa saa 3 mfululizo. Sisi tulipata saa 37, na upepo ulivuma kwa vishindo vya zaidi ya kilomita 110. Kwangu nguzo ya taa ya ng'ambo ya barabara, hatua chache tu, ilipotea Ijumaa asubuhi, nikaiona tena Jumapili. Gari langu lina uzito na taa za kila aina, na halikutoka. Magari ya zimamoto na ya wagonjwa yalikwama, ukipiga simu hakuna wa kuja.

Kwa hiyo Mama, ukimpigia usimwulize theluji itakuwa kiasi gani. Mwulize upepo utakuwa wa kasi gani, na kama ana dawa zake na chakula cha siku 4 au 5. Akisema upepo unapita kilomita 56 na anakwenda kazini, mkataze kwa sauti yako ya mama. Akikwama ndani ya gari asitoke kutafuta msaada kwa miguu. Awashe injini kidogo kidogo, na kila kabla ya kuwasha atoe theluji kwenye bomba la moshi. Ukitaka, nitumie namba yake kupitia ofisi ya jarida, nitampitia.

Mjomba shikamoo. Nina miaka 12, niko Portland, Maine. Nataka kupima theluji ya dhoruba hii. Baba anachoma rula kwenye bustani na kila mara namba ni tofauti.

Marahaba mwanangu. Rula ya baba inazama kwenye majani. Tafuta ubao wa sentimita 40 kwa 40, upake rangi nyeupe, uuweke chini mahali pa wazi, mbali na paa na miti, na uchomeke fimbo pembeni usije ukaupoteza. Pima asubuhi saa moja kabla ya shule, mpaka sehemu ya kumi ya inchi, kisha ufagie ubao na uuweke juu ya theluji mpya. Usipime kila nusu saa na kujumlisha. Theluji hujilaza yenyewe, na ukiifagia mara nyingi utapata kubwa kuliko jirani yako. Usipime na kufagia zaidi ya mara moja kila saa 6.

Kisha mwombe baba akuandikishe CoCoRaHS, mtandao wa wapimaji wa kujitolea ulioanzia Colorado mwaka 1998 baada ya mafuriko ya Fort Collins. Umri si kikwazo. Mtahitaji kipima mvua chao cha plastiki chenye mdomo wa inchi 4. Wakati wa baridi mnatoa bomba la ndani, theluji inaingia kwenye kopo la nje, mnaiyeyusha jikoni na kupima maji. Siku isiyoanguka kitu andika sifuri, nayo wanaihitaji.