Maswali yenu: umiliki wa mpira, xG na mikeka ya kubeti

Tulimiliki mpira asilimia 68, tukafungwa 1-0. Hatukuonewa kweli? (Msomaji, Morogoro)

Wiki haipiti bila swali hili. Mlifungwa dakika ya ngapi? Hilo hamliandiki kamwe. Timu ikishatangulia hurudi nyuma na kuwaachia mpira, nanyi mnapigiana pasi mabeki kwa mabeki hadi kipenga cha mwisho. Asilimia inapanda, kipa wao anapumzika. Desemba 2022 kwenye Kombe la Dunia kule Qatar, Hispania ilitangulia kuifunga Japani. Baada ya mapumziko Japani ikapata mabao 2 ndani ya dakika chache, kisha ikapaki basi. Ilimaliza na umiliki wa asilimia 18 hivi, na ushindi wa 2-1. Siku 5 baadaye Hispania hao hao walipiga pasi zaidi ya 1,000 mbele ya Morocco, bao hakuna, wakatolewa kwa penalti. Niandikie mligusa mpira mara ngapi ndani ya boksi la wapinzani, ndipo tuzungumze kuonewa.

Kiungo wetu ana usahihi wa pasi asilimia 94. Nani kama yeye?

Anampasia nani? Kama ni beki aliyesimama mita 5 nyuma yake, hata mimi nafikisha.

Nimetafuta wastani wa takwimu za Taifa Stars kwenye AFCON 2023 nipime kiwango chao. Niko sahihi?

Wastani wa nini, kaka? Ni mechi 3 tu, na hakuna mbili zilizofanana. Kwa Morocco tulilala 3-0, mawili yakiingia baada ya Novatus Miroshi kulimwa kadi nyekundu. Kwa Zambia tulitangulia mapema kwa bao la Simon Msuva, wenzetu wakabaki 10 kabla ya mapumziko, halafu Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Na DR Congo ikawa 0-0. Ukizichanganya unapata timu ambayo haikucheza popote. Kata kila mechi vipande: kabla na baada ya bao, kabla na baada ya kadi. Kinachoniuma mpaka leo ni kipindi cha pili cha Zambia: tunaongoza, tumewazidi mtu mmoja, la pili halikupatikana. Hesabu mashuti yetu ya hapo kwanza.

xG ni nini, na mbona kila programu ina yake?

Ni mabao yanayotarajiwa: kila shuti hupewa uwezekano wa kuwa bao kwa kuangalia umbali, pembe, limepigwa kwa kichwa au mguu, na mengineyo. Penalti huwa karibu 0.78. Kila kampuni ina hesabu zake, kwa hiyo usichukue namba huku ukazilinganisha na za kule. Kwa mechi moja, xG ni kisingizio cha kocha aliyefungwa. Lete mechi 10 nikusikilize.

Kona 12 kwa 2. Si tulitawala?

Hapana. Na ukiuliza wiki ijayo, hapana.

Naomba takwimu za mechi za Jumamosi niweke mkeka.

Humu hatuuzi mikeka. Takwimu unazoziona kwenye simu, kampuni ya kubeti ilishaziona na ikapangia odi zake, yaani viwango vya malipo. Na huyo anayekuuzia “mechi za uhakika” Telegram kwa jedwali la xG, muulize kwa nini bado anahitaji elfu 5 yako.