Maswali yenu wiki hii: jicho limegoma kugeuka, naona viwili viwili

Meseji za safari hii nyingi ni za jicho lililogoma kusogea, na nyingi zinaishia na sentensi ileile, "naomba nitajie dawa ya kuamsha mshipa". Nianze na hilo ili huko chini tusirudie. Hakuna tone la macho linaloamsha mshipa wa fahamu uliolala, na hata upasuaji wenyewe hauugusi huo mshipa, sisi tunashika misuli. Kati ya mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo, wa tatu, wa nne na wa sita ndiyo inayopeleka amri kwenye misuli sita ya kila jicho, ukilala mmoja basi msuli wake unalegea na mwenzake wa upande wa pili anavuta peke yake, kwa hiyo tunachopanga upya ni nani avute na kwa kiasi gani. Kilichoulaza mshipa ni kesi nyingine kabisa, na hiyo ndiyo inayotangulia.

Dokta habari, mimi dereva boda wa Mbagala, nilipata ajali miezi miwili iliyopita nikaumia kichwa, CT (picha ya ndani ya kichwa) ikaonyesha hakuna damu. Jicho la kulia limevutika upande wa pua halitoki nje, naona magari mawili mawili. Wanasema nisubiri miezi 6 ndo operesheni. Si uzembe huu?

Pole sana ndugu yangu, ila siyo uzembe, huyo daktari anajua anachofanya. Huo ni mshipa wa sita, unasafiri njia ndefu kutoka kwenye shina la ubongo na unapanda juu ya mfupa kabla haujaingia kwenye jicho, ndiyo maana kichwa kikitikisika vibaya wenyewe unaumia hata kama CT imetoka safi. Na mara nyingi unarudi wenyewe ndani ya miezi hiyo. Sasa fikiria tumekupasua leo tukanyoosha jicho, mwezi wa tano mshipa ukaamka, jicho litatupwa upande wa nje na tutaanza upya. Kwa hiyo tunapima kwa prizimu, yaani kioo kinachopindisha mwanga, tunakuita tena baada ya wiki kadhaa tunapima tena, vipimo vikigoma kubadilika ndo tunakubaliana tarehe. Wengi mnaruka miadi ya katikati mnarudi siku ya mwisho mnataka operesheni, hapo hatuna cha kulinganisha, inabidi tuanze kuhesabu upya na lawama zinakuja kwetu.

Kwa sasa funika jicho moja au uwekewe karatasi ya prizimu juu ya miwani. Na boda uipaki, nasema kwa kumaanisha, ukiziba jicho moja kukadiria umbali kunakuwa kugumu na wewe umebeba roho ya mtu nyuma. Na abiria mnaokataa helmeti kwa ajili ya nywele, hebu someni tena swali la huyu kijana.

Ni kweli wanalitoa jicho wanaliweka mezani halafu wanalirudisha?

Siyo kweli, jicho halitoki mahali pake, tunafungua ngozi nyembamba ya juu ya weupe wa jicho tunaufikia msuli, basi.

Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 56, tangu jana kope la kushoto limedondoka lote, ukiliinua jicho linaangalia nje, mboni imekuwa kubwa na kichwa kinamuuma sana. Duka la dawa wametupa matone. Tuendelee nayo siku ngapi?

Marahaba. Huyu nilimjibu usiku uleule, sikusubiri safu, na nalirudia hapa kwa sababu ndilo swali lililonitisha kuliko yote. Kope limedondoka ghafla, mboni imetanuka, kichwa kinauma: usisubiri kukuche, ni hospitali kubwa yenye CT au MRI na madaktari wa ubongo, sasa hivi. Inawezekana kuna mshipa wa damu chini ya ubongo umevimba kama puto unaukandamiza mshipa wa tatu, na puto likipasuka mtu anaweza kufariki akiwa bado anawekewa matone. Kuna wagonjwa wa sukari na presha wanaopata kitu kinachofanana, kope linashuka ila mboni inabaki kawaida, na wengi wao wanapona ndani ya miezi mitatu hivi wakidhibiti sukari. Lakini tofauti hiyo ni kazi ya daktari kuiamua, siyo jirani wala muuza duka. Na hayo matone mengi mnayopewa yana deksamethazoni ndani, dawa ya jamii ya steroidi, ukiyatumia muda mrefu bila kupimwa yanapandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, unakuwa na ugonjwa wa pili ambao hukuja nao.

Nina kengeza tangu utoto, sioni viwili, ni neva imekufa?

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Makengeza mengi ya utotoni siyo mshipa kufa, macho yote mawili yanageuka vizuri ila hayakubaliani, na ubongo umeshazoea kulizima moja ndo maana huoni viwili. Nenda kapimwe. Na kama una mtoto mwenye kengeza usisubiri "akue litaisha", jicho linaendelea kuwa vivu kila mwezi.

Mwanangu wa miaka 5 anainamisha kichwa begani kulia muda wote. Tumefanya mazoezi ya shingo mwaka mzima hakuna kitu. Daktari mmoja kasema ni jicho, inawezekanaje?

Inawezekana sana, na nakupongeza kwa kuendelea kuuliza. Mshipa wa nne unaendesha msuli mmoja tu, ule unaopita kwenye kitanzi kama kamba ya kisima kwenye gurudumu, na watoto wengine wanazaliwa ukiwa dhaifu. Jicho linapanda juu, mtoto anagundua akilaza kichwa upande wa pili vitu viwili vinakuwa kimoja, basi anakaa hivyohivyo. Jaribu hivi nyumbani: mzibe jicho moja kwa dakika kadhaa akiwa anacheza. Kichwa kikinyooka chenyewe basi shingo mnaionea bure. Pia mguse shingoni, kama tatizo ni la shingo kweli mara nyingi utaukuta msuli umekaza kama kamba. Na picha za utotoni ukienda kliniki usiziache, hata za kwenye simu, picha ya mwaka wa kwanza kichwa kikiwa kimelala inatuambia mengi. Operesheni yake kwa kawaida ni kuulegeza msuli wa chini unaolisukuma jicho juu, na kwa huu wa kuzaliwa matokeo mara nyingi yanafurahisha. Msicheleweshe sana, kichwa kikikaa upande miaka na miaka uso wenyewe unaota umepinda kidogo.

Botoksi si ya akina dada wa urembo? Nimeandikiwa kwa jicho.

Ilianza kwenye macho. Dokta Alan Scott wa San Francisco aliitafutia makengeza, Marekani wakaipitisha kwa kazi hiyo 1989, urembo ulifuata baadaye. Inaulegeza msuli unaovuta kwa kama miezi mitatu ili usije ukakakamaa wakati mshipa unasubiriwa.

Dada yangu Mombasa mshipa wa sita umekufa kabisa mwaka wa pili sasa. Wanataka kuhamisha misuli ya juu na ya chini kuipeleka pembeni. Jicho litarudi kama zamani?

Halitarudi kama zamani, na aliyewaahidi hivyo amewakosea. Mshipa ukiwa na uhai kidogo tunalegeza msuli wa upande wa pua, tunafupisha wa nje kwa milimita zilizopimwa, inatosha. Ukiwa umekufa kabisa, kufupisha msuli uliopooza ni kama kukaza kamba ya mpira uliochoka, baada ya muda unalegea tena. Ndiyo maana tunaazima: msuli wa juu na wa chini inasogezwa nje ili ivute badala yake. Mjerumani Hummelsheim alianza na wazo hilo tangu 1907 na bado tunalitumia kwa staili mpya. Anachopata ni kuona kimoja akiangalia mbele na akisoma, shingo inaacha kupinda, jicho linatoka nje kidogo. Akitupa macho pembeni kabisa ataona viwili, ageuze kichwa.

Swali ambalo hukuuliza na ungelipaswa: wataigusa misuli mingapi kwa siku moja? Damu ya sehemu ya mbele ya jicho inapitia kwenye hii misuli minne iliyonyooka, ukikata mitatu kwa mpigo, hasa kwa mtu mzima mwenye sukari au presha, jicho linaweza kukosa damu. Ulizeni wazi, daktari mzuri hakasiriki.

Nawapata wapi wataalamu?

Uliza daktari wa makengeza, na mara nyingi ndiye huyohuyo wa macho ya watoto, kwa hiyo usione aibu kukaa foleni moja na watoto. Anzia hospitali zenye idara kubwa ya macho, KCMC Moshi, CCBRT au Muhimbili Dar, Kikuyu kwa walio Kenya. Duka la miwani siyo mahali pake.

Mimi mshipa wa tatu uliumia kwenye ajali ya gari, mwaka na nusu sasa. Nataka kope tu lifunguliwe, jicho lenyewe lilivyo nje silijali. Kwanini wanakataa?

Kwa sababu hilo kope kwa sasa linakulinda. Liko chini ndiyo maana huoni viwili, likifunguliwa jicho likiwa bado limetupwa nje utaanza kuona viwili kutwa nzima. La pili, ukilala jicho la kawaida linaviringika juu kujificha, lako haliwezi, tukilivuta kope sana kioo cha jicho kitabaki wazi usiku, kinakauka, kinapata kidonda, na kidonda hicho kinaweza kukuachia kovu la upofu. Kwa hiyo tunanyoosha jicho kwanza, na mshipa wa tatu ni mgumu kuliko yote maana unashika misuli minne kati ya sita, wakati mwingine ni operesheni mbili au tatu. Kope linakuja mwisho, linaning'inizwa kwenye paji la uso kwa uzi wa silikoni, kwa kiasi kidogo, ili likileta shida lishushwe. Siku ya kliniki mwambie daktari akuinulie kope kwa kidole uangalie mlango ulio mbele yako, uhesabu milango mingapi.