Kitovu cha mtoto kipakwe nini, na mama yangu nimwambieje?

SWALI: Shikamoo mama mkunga. Mke wangu ana mimba ya miezi saba, ndiyo ya kwanza. Tunaishi na mama yangu kijijini, Shinyanga, na zahanati ni mwendo wa saa mbili kwa mguu. Kliniki wanatuambia tuishirikishe familia. Lakini mama ameshaandaa unga wa kitovu. Anasema kitovu kisipopakwa hakikauki, na kikimdondokea mtoto wa kiume kwenye uume atakuwa si riziki. Nimefikiria nimfiche tu, usiku nimpake mtoto spiriti. Au kuna dawa nzuri zaidi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kisipakwe kitu. Kitovu kikishakatwa kwa wembe mpya na kubanwa vizuri, kilichobaki ni kinyama kinachojikaukia chenyewe. Kiache nje ya nepi kipate hewa. Kikichafuka kwa mkojo au kinyesi, kioshe kwa maji safi na sabuni, ukikaushe kwa kitambaa safi, basi. Vingi hudondoka kati ya siku ya 5 na ya 15. Hiyo spiriti ya usiku inachelewesha kudondoka, kwa hiyo siku ya 12 mama yako atakikuta bado kimeng'ang'ania na atakuuliza, "Si niliwaambia?"

Zahanati wakikupa jeli ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, fuata maelekezo yao, nayo ni ya kitovu peke yake. Kuna nchi za Afrika ambako watoto wameumizwa macho kwa sababu mtu nyumbani alidhani ile tyubu ni dawa ya macho. Wasipokupa, usiitafute.

Hilo la uume nimelisikia Pwani, nimelisikia Usukumani, na nimelisikia kwa wakwe zangu mwenyewe. Kitovu kilichokauka ni kigaga. Kitaangukia paja, uume au shuka, na mtoto hana habari. Kuna wavulana niliowazalisha ambao leo wananiletea wake zao kliniki. Vitovu vyao viliangukia wapi sijui, wala mama zao hawajui, maana vingi hudondoka usiku ndani ya nepi. Mama yako akiogopa sana, amfunge mtoto nepi vizuri, hofu yake haina madhara hapo. Madhara yanaanza pale hofu inapoleta haraka: kikauke upesi, kitoke upesi, kisije kikaangukia pabaya. Hapo ndipo unga unapoingia.

Bibi mmoja aliwahi kufungua pindo la khanga yake mbele yangu wodini, akanionesha fundo la unga mweusi. Masizi ya chungu, majani yaliyokaushwa darini, na kitu cha tatu alichokiita "cha wazee". Nikamuuliza umesagiwa wapi. Akasema uani, kwenye jiwe. Nikamuuliza ndama wanalala wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka kwa aibu: ni uani hapohapo. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, na vinavumilia jua na ukame miaka mingi. Ukivipaka kwenye kidonda kibichi cha mtoto wa siku mbili, kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri anashindwa kufungua mdomo, halafu anakakamaa mwili mzima. Wazee wanaukumbuka ugonjwa huo vizuri, ila waliuita shetani.

Tanzania ilithibitishwa kuwa imeutokomeza ugonjwa huo kwa wachanga mwaka 2012. Hapa ndipo watu wa unga wanaponiambia, "Mbona tunapaka na hawafi?" Hawafi kwa pepopunda kwa sababu mama zao walichanjwa wakiwa wajawazito. Fungua kadi ya mkeo sasa hivi uangalie chanjo ya pepopunda amechoma mara ngapi. Hata hivyo chanjo hiyo haizuii vijidudu vingine vinavyoingia kwa mlango uleule wa kitovu na kuishia kwenye damu.

Sasa nije kwenye neno lako lililonikera: kumficha mama. Wewe asubuhi uko shambani au mnadani. Mkeo ni mzazi wa mara ya kwanza, amechoka, na anamwogopa mkwe. Nani anamwogesha mtoto? Nani anaamua kwamba analia kwa njaa, kwamba maziwa hayatoshi, kwamba apewe maji ya sukari? Huwezi kumficha mtu ambaye mtoto yuko mikononi mwake.

Takwimu zetu wenyewe zinasema hivyo. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta wanawake 63 katika kila 100 wanajifungulia kwenye kituo cha afya. Ule wa 2022 ukakuta 81. Ni hatua kubwa. Lakini vifo vya watoto wa chini ya siku 28 vilitoka 25 kwa kila watoto 1,000 hadi 24 tu. Tumewafikisha akina mama leba, na kesho yake tumewarudisha nyumbani na kichanga, wakati karibu robo tatu ya vifo vya vichanga hutokea ndani ya siku saba za kwanza. Siku hizo ni za bibi. Na sisi wauguzi tuna lawama yetu. "Kushirikisha familia" tumekufanya kuwe ni kumburuta mume siku ya kwanza apimwe damu, asipokuja mke aende kuchukua barua kwa mwenyekiti wa kijiji. Nimefanya kazi kwenye kituo kimoja ambako mjamzito alirudishwa nyumbani kwa kukosa hiyo barua. Hakurudi tena kliniki hadi mimba ilipofika miezi minane. Na muda wote huo bibi alikuwa amekaa nje chini ya mti, ameshika kapu, hakuna aliyemwambia neno.

Kwa hiyo kliniki ijayo nenda na mama yako, aingie ndani. Mwambie nesi akiwepo: huyu ndiye atakayemwogesha mtoto. Halafu mpeni kazi ya kweli, si ya kuchota maji. Mtoto asiogeshwe kwa saa 24 za mwanzo, akaushwe na kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi. Bibi ndiye mlinzi wa hilo, majirani wakija na beseni awafukuze yeye. Dang'a, yale maziwa ya njano ya mwanzo, yasikamuliwe na kumwagwa. Na awe mwangalizi. Niamini, hakuna kifaa wodini kinachomshinda bibi aliyelea watoto saba. Mmoja alituletea mjukuu wa siku nne akasema tu, "Tangu jana jioni analia bila sauti." Mama wa mtoto alikuwa hajaona tofauti. Tulipomhesabia pumzi zilivuka 60 kwa dakika, na kitovu kilikuwa kimezungukwa na wekundu. Mtoto aliyeacha kunyonya, anayepumua haraka au mbavu zikibonyea, mwenye joto kali au aliyepoa kuliko kawaida, aliyelegea, aliyestuka degedege, mwenye viganja na nyayo za njano au kitovu chenye usaha: haisubiriwi asubuhi. Piga 115, ni bure, uombe usafiri wa m-mama, ule wa dharura wa wajawazito na vichanga. Usikae kumtafuta mwenye bodaboda aliyelewa.

Na kwa kuwa mama yako ana unga tayari, muulize kwa adabu kama ana na chupa. Mwenye unga wa kitovu mara nyingi ana pia dawa ya kuongeza uchungu. Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Mimba ya kwanza uchungu huchukua muda, hata saa 12 na zaidi, na huo si ugonjwa wala si ushahidi kwamba mke alitoka nje ya ndoa. Nimeshawahi kukuta binti anaungamishwa majina ya wanaume huku njia haijafunguka hata nusu. Ile dawa hubana mji wa mimba bila kuupa nafasi ya kupumzika, mtoto anakosa hewa humo ndani, na mji wenyewe unaweza kupasuka. Anayeinywesha hajui kiasi gani kinatosha, na sisi tukimpokea mama hatuambiwi alikunywa nini. Kwa umbali wenu huo, muulizeni nesi kama kuna chigonela, nyumba ya kusubiria, mkeo ahamie wiki mbili kabla ya tarehe yake. Bibi aende naye.

Mtoto akishazaliwa, watakuja wengine. Wa dawa ya mchango, akisema kila kilio ni mchango. Wa kukata kimeo kwa kisu kilekile alichomkatia mtoto wa jirani. Wa kung'oa "meno ya nailoni", ambayo ni machipukizi ya meno ya kawaida kabisa, anayafukua kwenye ufizi wa mtoto mwenye homa na kukuonesha damu kama ndiyo ugonjwa. Hawa hawalei mtoto wa mtu. Wanapokea pesa jioni, na asubuhi wako mnada mwingine, huku aliyeachiwa mtoto anayetoka damu ni mama yako. Mwambie hivyo hivyo, kwamba mnamhofia yeye asije akabebeshwa lawama ya mtu mwingine. Wazee wanalielewa hilo haraka kuliko somo la vijidudu.

Spiriti irudishe dukani kama hujaifungua. Na siku mkienda kliniki, mama aje na fundo lake la unga, nesi aulizie naye umesagiwa wapi.