"Ndogo na kati" au "ndogo na za kati"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina kibiashara changu cha ushonaji karibu na Soko la Kilombero, Arusha: cherehani tatu na vijana wawili. Fomu ya mkopo imeandikwa "biashara ndogo na kati". Binti yangu anayesoma Moshi anasema hapo imekosekana "za". Ni kweli? Na mimi nijaze "biashara ndogo" au "ndogo ndogo"?

JIBU: Marahaba, mama. Binti yuko sahihi. Kivumishi -dogo hubeba upatanisho chenyewe: kiwanda kidogo, wajasiriamali wadogo. "Kati" haipokei kiambishi, kwa hiyo inahitaji a-unganifu: viwanda vidogo na vya kati, wajasiriamali wadogo na wa kati, biashara ndogo na za kati. Wengi huidondosha "za" kwa sababu "biashara ndogo" haibadiliki katika umoja na wingi, na sikio halishtuki. Tamka "viwanda vidogo na kati" uone linavyokwaruza.

"Ndogo ndogo" hutaja vitu vingi, kila kimoja kidogo. Anayeuza karanga asubuhi, vocha mchana na mkaa jioni anafanya biashara ndogo ndogo. Wewe unayo moja.

Ila kwenye fomu neno hili lina mipaka ya kisera. Sera ya taifa ya mwaka 2003 inaita biashara "ndogo sana" ikiwa na wafanyakazi 1 hadi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5. "Ndogo" ina wafanyakazi 5 hadi 49 na mtaji unaofika milioni 200; "ya kati" 50 hadi 99, mtaji hadi milioni 800. Vigezo vikigongana, mtaji ndio unaoamua. Basi piga hesabu ya cherehani na vifaa vyako: vikivuka milioni 5, wewe ni "ndogo", hata kama vijana ni wawili tu.

Jambo moja hukuliuliza, lakini limeniuma: "kibiashara changu". Hiyo ki- inadunisha. Benki ya Dunia inakadiria kuwa biashara ndogo na za kati ni takriban asilimia 90 ya biashara zote duniani, na ndizo zinazobeba zaidi ya nusu ya ajira. Umoja wa Mataifa ulizitengea siku yake, Juni 27, kwa azimio la mwaka 2017. Mbele ya afisa mikopo sema "biashara yangu ya ushonaji", kisha mtajie cherehani zako na vijana uliowaajiri.